Yaajuju wakifika ziwani: dhahiri na majazi katika alama za Kiyama

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilirudi nyuma. Pale Kirumba, Mwanza, mitumbwi ililalia tope, na watoto wakapata kiwanja cha mpira mahali ambapo zamani mtu mzima alilowa mpaka kiunoni. Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, ustadhi wa darasa letu alitusomea hadithi ya Nawwas bin Sam'an, iliyomo katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume. Yaajuju na Maajuju, watu waharibifu watakaotoka karibu na Kiyama, watateremka mbio kutoka kila mwinuko. Wa kwanza wao watapita kwenye ziwa na kuyanywa maji yake yote, na wa mwisho wao watapita hapo na kusema, "Hapa paliwahi kuwa na maji." Ustadhi akafunga kitabu. Hakuongeza neno, wala hakuhitaji, maana kila aliyekuwa pale alitoka kuliona tope kwa macho yake.

Mwaka 2024 ziwa likaja juu. Maji yakaingia kwenye mabanda, magunia ya dagaa yakahamishwa usiku usiku, na katika msikiti uleule kijana mwingine akasimama na kusoma kutoka Suratul Infitar: "Na bahari zitakapopasuliwa." Naye hakuongeza neno.

Ziwa likipungua ni Kiyama, likijaa ni Kiyama. Nilikuwepo mara zote mbili, na nakiri kwamba mara zote mbili nywele zilinisimama. Wataalamu wa maji wana maelezo yao: mwaka 2006 ulikuwa ukame, pamoja na maji mengi mno kuachiwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, mwaka 2020 na 2024 zilikuwa mvua, na kiwango cha 2020 kiliivuka hata rekodi ya 1964. Lakini tuwaache wataalamu wa maji kwanza. Turudi kwenye hadithi yenyewe, kwa sababu haisemi ziwa letu. Inalitaja ziwa kwa jina: Buhaira ya Tabaria, lile ambalo majirani zetu Wakristo wanalijua kama Ziwa la Galilaya.

Ukimuuliza yule ustadhi anasomaje hadithi za Kiyama, atakujibu bila kusita kwamba anazisoma kama zilivyo, kwa dhahiri yake, na kwamba watu wa majazi, wanaoyageuza maneno kuwa mifano, ni wale wasomi wa mjini wanaomkwepa Mungu kwa maneno. Ila jioni ile yeye mwenyewe alilichukua ziwa la Tabaria akaliweka Mwanza. Hiyo si dhahiri. Ni taawili, yaani kulitoa neno kwenye maana yake ya wazi, tena kubwa, imefanyika kimya kimya kati ya kufunga kitabu na kuitika "amina". Mjadala mzima wa dhahiri na majazi katika alama za Kiyama umejaa mafundo ya namna hii, na nataka kufungua machache.

Panaposimama pumzi

Watu hufikiri ugomvi huu umeletwa na shule za kizungu. Hapana. Umo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika aya ya 7 ya Suratu Aali Imran. Aya hiyo inasema Kitabu kina aya za wazi, muhkamat, ambazo ndizo msingi wake, na nyingine ni mutashabihat, zenye kubeba maana zaidi ya moja. Inawakemea wenye upotofu mioyoni wanaozifuata hizo za pili kwa kutaka fitina. Kisha inakuja sentensi iliyowakalisha wanazuoni vikao vya karne nyingi: hapana ajuaye taawili yake ila Mwenyezi Mungu na waliozama katika elimu wanasema tumeiamini.

Nimeiandika bila mkato makusudi. Msomaji akivuta pumzi baada ya "Mwenyezi Mungu", maana yake ni kwamba Mungu peke yake anajua, na wenye elimu kazi yao ni kuamini na kunyamaza. Asipovuta pumzi, wenye elimu nao wameingizwa miongoni mwa wanaojua. Wengi wamesimama, na misahafu mingi imewekewa alama ndogo ya kusimama mahali hapo. Lakini Mujahid, mwanafunzi wa Swahaba Ibn Abbas, aliunganisha, na hakuna aliyemtoa katika dini kwa hilo. Pumzi moja tu ndiyo inayotenganisha njia mbili za kusoma.

Mkono mrefu

Sasa chukua utabiri mmoja ambao umekwisha kutimia, kwa sababu huo una faida kuliko mingine yote: tunajua ulivyotimia.

Bibi Aisha anasimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba wake za Mtume (s.a.w.) walimuuliza ni nani kati yao atakayemfuata kwanza baada ya kufa kwake. Akawajibu: mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakatafuta ufito wakapimana mikono. Hebu waone wanawake hawa watukufu, mmoja ananyoosha mkono, mwingine anashika ufito, wanabishana kwa inchi. Sauda akaonekana ndiye mwenye mkono mrefu. Lakini aliyetangulia kufa alikuwa Zainab bint Jahsh. Zainab alikuwa akifanya kazi za mikono, anatengeneza ngozi na kushona, na alichokipata anakitoa sadaka. Hapo ndipo wenzake walipoelewa kwamba mkono mrefu ulikuwa ukarimu.

Huu ni utabiri mfupi, wenye maneno mepesi, uliosikiwa na watu waliolala nyumba moja na aliyeusema, Waarabu wa lugha ileile. Na bado waliuelewa kwa dhahiri wakakosea, mpaka tukio lenyewe likawasahihisha. Watu wa majazi wanaipenda sana hadithi hii, na wana haki.

Ila tazama kitu kingine. Kwa Kiswahili, mtu mwenye mkono mrefu ni mwizi. Bahili ndiye tunayemwita mkono wa birika. Mfasiri akiileta hadithi hii kwa neno kwa neno bila maelezo, msikilizaji wa Makoroboi, hapa Mwanza, atabaki ameduwaa. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nasoma kama ilivyo" huku anasoma tafsiri ya Kiswahili anapaswa kujiuliza, kama ilivyo wapi? Majazi ya lugha moja hayavuki mto yakabaki na nguo zake.

Siku iliyo kama mwaka

Watu wa dhahiri nao wana hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni nzito kuliko hiyo, na imo katika hadithi ileile ya Nawwas tuliyoanza nayo.

Mtume aliwaeleza Maswahaba kwamba Masihi Dajali, yule mlaghai mkubwa wa siku za mwisho, atakaa duniani siku arobaini: siku moja kama mwaka, siku moja kama mwezi, siku moja kama wiki, na zilizobaki kama siku zenu za kawaida. Mtu wa majazi hapa anatabasamu. Siku kama mwaka ni lugha ya dhiki. Hata sisi tukiwa hospitalini na mgonjwa tunasema usiku ulikuwa mrefu kama mwaka. Maelezo mazuri. Lakini Maswahaba hawakutabasamu. Waliuliza: ewe Mtume, katika hiyo siku iliyo kama mwaka, sala za siku moja zitatutosha? Akajibu: hapana, kadirieni vipimo vyake.

Hilo ndilo jibu la mtu anayezungumzia saa na dakika. Kama "mwaka" ungekuwa picha ya uchungu tu, hapo ndipo pangekuwa mahali pa kuwaambia, kama Swahaba Adi bin Hatim alivyoambiwa alipoichukua kwa dhahiri aya ya uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri, akaweka kamba nyeupe na nyeusi chini ya mto wake ili ajue alfajiri imefika, kwamba huo ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Hakuwaambia hivyo. Aliwapa hukumu ya sala. Na hukumu hiyo haikubaki hewani: wanazuoni wa zama zetu wameitumia kuwajibu Waislamu wanaoishi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako jua la kiangazi halizami kwa wiki kadhaa. Utabiri uliokuwa unamhusu Dajali umekuwa ratiba ya sala ya mfanyakazi wa Norway.

Kwa hiyo tuna mkono mrefu upande mmoja na siku ndefu upande mwingine, vyote viwili kutoka kinywa kimoja. Anayesema hadithi hizi zote ni majazi ameikimbia ya pili, na anayesema zote ni dhahiri ameikimbia ya kwanza.

Moshi juu ya maji

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau. Huenda utabiri hausubiriwi kabisa kwa kuwa umekwisha kupita.

Suratu Dukhan inasema, "Basi ingoje siku mbingu zitakapoleta moshi ulio dhahiri." Bukhari ameleta kisa cha Masruq. Mtu mmoja huko Kinda alikuwa akiwahadithia watu kwamba moshi huo utakuja Siku ya Kiyama, utawashika wanafiki masikio na macho, na muumini utampata kama mafua tu. Watu wakaogopa. Masruq akaenda kwa Abdallah bin Mas'ud, akamkuta ameegemea. Aliposikia habari hiyo alikasirika, akaketi wima, akasema: anayejua na aseme, asiyejua na aseme Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kisha akaeleza kwamba moshi umeshapita. Makureshi walipoikataa dini walipatwa na njaa kali, wakala mizoga na mifupa, na mtu akitazama juu anaona kati yake na mbingu kitu kama moshi. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayesoma mpaka mwisho wa ukurasa: aya chache mbele Mungu anasema ataiondoa adhabu hiyo kidogo. Je, adhabu ya Akhera ikishafika huondolewa?

Anayeishi kando ya ziwa hili hawezi kushangaa kwamba jicho laweza kuona moshi pasipo na moto. Ukifika msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, nguzo nyeusi huinuka juu ya maji, nene chini na nyembamba juu, zinayumba na upepo kama moshi wa meli inayoungua. Mgeni anayelishangaa ziwa kutoka mwamba wa Bismarck hupiga kelele kuita watu. Mwenyeji hufunga madirisha.

Hata hivyo Ibn Mas'ud hakumaliza mjadala. Hadithi ya Hudhaifa bin Asid, nayo katika Muslim, inautaja moshi kati ya alama kumi kubwa zitakazotangulia Kiyama, pamoja na Dajali, mnyama wa ardhini, jua kuchomoza magharibi, kushuka kwa Nabii Isa, Yaajuju na Maajuju, ardhi kudidimia mara tatu, na moto utakaotoka Yemen. Ibn Kathir, mfasiri mkubwa wa karne ya 14, aliegemea upande huo: moshi bado. Swahaba mkubwa kasema umepita, mfasiri mkubwa kasema unakuja, na vitabu vyao vimekaa rafu moja kwa mamia ya miaka bila kuchomana.

Kanuni ya kondoo

Wanazuoni hawakuacha kila mtu ajichagulie. Kanuni iliyoenea ni kwamba neno hubaki kwenye dhahiri yake mpaka ije dalili ya kulitoa hapo. Ugomvi wa kweli, kwa hiyo, ni kuhusu kinachohesabika kuwa dalili.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliishughulikia sana. Katika kitabu chake cha Faisal al-Tafriqa anachukua hadithi inayosema kwamba Siku ya Kiyama mauti yataletwa kwa sura ya kondoo dume mwenye mabaka, yachinjwe kati ya Pepo na Moto. Mauti ni hali inayompata mtu, hayana kwato. Anayejua kwa hakika kwamba hali haiwezi kugeuka kondoo, anasema Ghazali, ataielewa kwamba watu wataoneshwa kondoo, na kwa kumwona anachinjwa watajua hakuna kufa tena. Akapanga ngazi tano za kuwepo kwa kitu, kuanzia kile kilichopo chenyewe mpaka kile kilichopo kwa mfano tu, na sharti lake ni kwamba huruhusiwi kushuka ngazi kabla hujathibitisha kuwa ile ya juu haiwezekani. Ghazali huyuhuyu ndiye aliyewahukumu kufuru wanafalsafa waliosema miili haitafufuliwa. Alishuka ngazi kwa kondoo, akakataa kushuka kwa ufufuo.

Na wako waliozishuka ngazi zote. Mwaka 1164, katika ngome ya Alamut huko Uajemi, kiongozi wa Waismailia wa Nizari, tawi la Mashia, Hasan wa Pili, aliwatangazia wafuasi wake kwamba Kiyama kimefika: kiyama cha roho. Jua la kesho yake lilitoka palepale.

Kubandika

Sasa nirudi kwa ustadhi wetu na ziwa lake. Alichofanya kina jina katika Kiarabu cha wanazuoni, lakini mimi nakiita kubandika: unachukua maandishi, unayabandika kwenye tukio la juzi kama lebo kwenye chupa. Mbandikaji hujiona ni mtu wa dhahiri. Ukimwendea karibu ndiye mtu wa majazi kuliko wote, kwa sababu jicho moja la Dajali kwake ni kamera ya simu na punda wake ni ndege, na anayasema haya bila kutoa dalili hata moja, kwa sauti ya mtu anayesoma bei kwenye ukuta wa duka.

Historia imejaa wabandikaji, na mmoja yuko kwenye maji yetu. Maji yanayotoka katika ziwa letu kule Jinja huingia Mto Nile, hupita Sudan Kusini, na kabla ya Khartoum yanakizunguka kisiwa cha Aba. Hapo, mwaka 1881, Muhammad Ahmad bin Abdallah alijitangaza kuwa ndiye Mahdi, kiongozi mwongofu anayesubiriwa kabla ya Kiyama. Wanazuoni wa Khartoum walimpinga kwa hadithi zilezile za Mahdi, naye akategemea maono aliyosema amemwona Mtume. Januari 1885 akaiteka Khartoum, na Juni mwaka huohuo akafariki. Dola iliyoachwa nyuma yake ilidumu miaka kadhaa, Kiyama hakikuja.

Wa Makka mwaka 1979 walikuwa waangalifu zaidi, na ndiyo maana kisa chao kinatisha zaidi. Tarehe 1 Muharram 1400, sawa na 20 Novemba 1979, Juhayman al-Utaybi na watu wake wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu. Walikuwa na Mahdi aliyetimiza masharti: jina lake Muhammad bin Abdullah, akapewa kiapo cha utii mbele ya Al-Kaaba kama riwaya zinavyosema. Riwaya hizo pia zinataja jeshi litakalomwendea mtu aliyekimbilia kwenye Nyumba hiyo, nalo litamezwa na ardhi. Ardhi haikumeza jeshi. Liliingia, na baada ya wiki mbili za mapigano Mahdi wao alikuwa maiti.

Kundi lililojiita Dola ya Kiislamu nalo liliiteka Dabiq, kijiji cha kaskazini mwa Syria kilichotajwa katika hadithi ya Muslim kuhusu vita na Warumi, likaliita jarida lake kwa jina hilo. Oktoba 2016 likafurushwa kutoka kijijini bila Warumi kuonekana. Jarida lilikuwa limeshabadilishwa jina mwezi mmoja nyuma.

Mtume mwenyewe alionesha tahadhari ambayo hawa wote waliikosa. Pale Madina palikuwa na kijana aitwaye Ibn Sayyad, ambaye Maswahaba kadhaa walimshuku kuwa ndiye Dajali. Umar aliomba ruhusa amuue. Akaambiwa: kama ndiye, hutamweza, kama siye, huna kheri yoyote katika kumuua.

Nimsemee na Suyuti kidogo, kwa sababu jina lake huzunguka sana kwenye simu zetu. Mwanazuoni huyu wa Misri, aliyefariki 1505, aliulizwa kuhusu uvumi kwamba umma hautavuka mwaka wa elfu moja wa Hijria. Aliandika risala kuukanusha, na katika kuukanusha akapiga hesabu yake mwenyewe: utavuka elfu, lakini hautafika elfu moja na mia tano. Leo tuko katika miaka ya 1440. Aliyekuwa anazima moto wa mwenzake aliacha kaa lake juu ya majani.

Dhahabu, na neno moja la Kiarabu

Hapa kwetu hadithi inayoulizwa kuliko zote ni ya mto Furati, kwamba uko karibu kufichua mlima wa dhahabu, na atakayekuwepo asichukue chochote. Dhahabu hapa si neno la vitabuni; Geita iko ng'ambo ya maji. Wapo waandishi wa karne iliyopita waliosema mlima huo ni mafuta ya petroli, dhahabu nyeusi. Maelezo yana mvuto mpaka uyapime: kama dhahabu ni mafuta na tumekatazwa kuchukua, basi injini ya mtumbwi wa dagaa inaendeshwa kwa haramu. Hakuna aliyethubutu kutoa fatwa hiyo.

Nilimsomea hadithi hii rafiki yangu ambaye ameshinda miaka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji dhahabu, ya Geita. Alisikiliza kwa adabu mpaka nilipofika sehemu iliyomo katika Muslim, kwamba watu wataipigania, katika kila mia watakufa tisini na tisa, na kila mmoja wao atasema, "Huenda mimi ndiye nitakayeokoka." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema kila anayeshuka duarani asubuhi husema hayo maneno. Hakuuliza kama mlima ni mlima.

Katika Kiswahili, mjadala huu ulichapishwa kwanza kwa ukali mwaka 1953, pale Jumuiya ya Ahmadiyya ilipotoa huko Nairobi tafsiri ya Qur'ani chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Waahmadiyya wanaamini Nabii Isa alikufa kifo cha kawaida, na kwamba bishara ya kushuka kwake ilitimia kwa majazi katika Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India. Masuni na Mashia wanalikataa hilo, na wengi hawawahesabu kuwa Waislamu. Mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa tafsiri yake kamili, na baadhi ya maelezo yake ni majibu kwa hao.

Fundo lenyewe liko kwenye neno moja la aya ya 55 ya Aali Imran, mutawaffika. Kitenzi chake kwa Kiarabu ni kuchukua kitu kikamilifu. Hutumika kwa kifo, na Qur'ani hiyohiyo, katika Suratu Zumar, hukitumia kwa usingizi. Mwarabu anaweza kuiacha ilivyo. Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha: ataandika "nitakufisha" au ataandika "nitakuchukua", na akishaandika amekwisha kuchagua upande kabla msomaji hajafungua macho.

Sio Waahmadiyya peke yao waliosogea upande huo. Muhammad Abduh wa Misri, kama mwanafunzi wake Rashid Rida alivyomnukuu, aliona inawezekana kumwelewa Dajali kuwa alama ya uzushi na udanganyifu. Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikh wa Al-Azhar, alitoa fatwa mwaka 1942 kwamba kupaa kwa Isa kwa mwili hakuna dalili ya kukata shauri, na hivyo anayekukataa hatoki katika Uislamu. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, lakini soma vizuri alichosema. Hakusema hakupaa. Alisema uzito wa dalili haufiki mahali pa kumtoa mtu. Mimi ni mtu wa dhahiri zaidi yake, ile siku iliyo kama mwaka imenifunga, lakini nikisikiliza darasa zetu natamani wengi wangejifunza kutofautisha hayo mawili.

Nilipokuwa naandika haya nilishuka Kirumba kwa mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Kwenye nguzo ya banda lake amepaka mistari ya rangi zilizobaki kwenye kopo: mwekundu ni maji ya 2020, wa buluu juu yake ni ya 2024. Ya 2006 haina mstari, kwa sababu hayakuifikia nguzo. Nikamsimulia habari ya Tabaria.

"Hilo ziwa ni kubwa kuliko hili?" akauliza, brashi mkononi.

"Dogo, mzee. Kilomita za mraba mia moja sitini na kitu. Hili letu ni zaidi ya elfu sitini na nane."

Akapaka mara mbili tatu. "Basi huku hawatalimaliza."

"Hawakutajwa kuja huku."

"Wakija je? Wataingia majini?"

"Watu wengi hivyo, mzee, lazima waingie."

"Basi wamekwisha. Kichocho hakiulizi mtu katoka wapi."

Nikacheka, kisha nikakumbuka mwisho wa hadithi, nikamwambia: Nabii Isa na waliokuwa naye watamwomba Mungu, na Mungu atawatumia Yaajuju na Maajuju minyoo shingoni, wafe wote kama mtu mmoja.

Brashi ikasimama. Mzee akanitazama, akayatazama maji, akanitazama tena.

"Minyoo," akasema.

Nami nikajikuta natafuta kalamu.